Faili la Mgonjwa Lisikatike: Mwongozo wa Kuagiza Mfumo wa Kompyuta kwa Hospitali za Butembo na Beni

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kote Kongo. Beni na Butembo hazikuwa zimepiga kura: siku chache kabla, uchaguzi wa miji hiyo ulikuwa umeahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Intaneti ilirudi baada ya siku 20 hivi. Ebola haikuwangoja mafundi wa mitambo. Wagonjwa walizidi kuletwa, na majina ya waliogusana nao yalibidi yaandikwe na kufuatiliwa kila asubuhi, mtandao uwepo usiwepo.

Anayepanga leo kuhamisha faili za wagonjwa kutoka karatasi kwenda kompyuta katika miji hii aiweke tarehe hiyo mbele yake. Kampuni ya teknolojia ikija na skrini zake za kupendeza, iulizwe kwanza: katika siku zile 20, mfumo wenu ungefanya nini?

Kongo ina majimbo 26 na zoni za afya 519. Kinshasa ina wakala wake wa mifumo ya kompyuta ya afya, ANICiiS, na takwimu za kila mwezi tayari hupita kwenye programu ya DHIS2. Faili la mgonjwa mmoja mmoja ni kazi nyingine, nayo ndiyo inayokuja sasa. Mwongozo huu ni wa mganga mkuu wa zoni, mkurugenzi wa hospitali ya rufaa, mhasibu wa BDOM, ofisi ya huduma za afya ya Jimbo Katoliki la Butembo-Beni, au wa hospitali za kanisa la CBCA, na pia wa afisa wa wizara anayeandaa zabuni akiwa mbali na Kivu ya Kaskazini. Mfumo unaoweza kuishi Butembo na Beni, ambako umeme, mtandao, barabara na hata utawala hukatika, utaishi karibu kokote nchini.

Hesabu rejista kabla ya kuhesabu kompyuta

Mama akimleta mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya, mtoto huyo mmoja huandikwa mara nyingi. Kwanza kwenye fishi yake. Kisha kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, ile kubwa ambayo muuguzi ameipiga mistari kwa rula. Kipimo cha malaria kinaingia rejista ya maabara. Dawa zinaandikwa famasia, halafu zinapunguzwa kwenye fishi ya stoki. Franka alizolipa mama zinaandikwa kwenye daftari la mapokezi. Mwezi ukiisha, muuguzi mkuu wa kituo, yule ambaye wote humwita titulaire, anakaa na rejista hizo zote, anahesabu mistari kwa kidole na kujaza kanevasi ya SNIS, yaani fomu ya ripoti ya mwezi. Kanevasi inapanda pikipiki hadi ofisi kuu ya zoni, BCZ, na huko mtu mwingine anaiingiza kwenye DHIS2.

DHIS2 itajua kwamba kituo hicho kilitibu watoto kadhaa wa malaria. Haitajua kwamba mtoto huyu amerudi mara ya tatu kwa wiki sita. Hapo ndipo faili la kompyuta lina faida, na hapo ndipo mpango uanzie.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ifanyike kabla muuzaji yeyote hajaitwa. Kwa wiki moja, karani na muuguzi wachore jedwali lenye safu nne: kitabu gani, nani anaandika, nani anasoma, na ni uamuzi gani unaotokana na kilichoandikwa. Safu ya rejista ambayo hakuna anayeisoma isihamie kwenye kompyuta. Ifutwe, au zoni iulizwe kwa nini bado inaidai.

Jedwali hilo litazaa sharti la kwanza la mkataba: kila kinachoingizwa kwenye mfumo kiondoe angalau sehemu moja ya kuandika kwa mkono, na kanevasi ya mwezi itoke ndani ya mfumo wenyewe na kuingia DHIS2 bila mtu kuichapa upya. Muuguzi akilazimika kuandika kwenye fishi, kwenye rejista, kwenye kompyuta na tena kwenye kanevasi, kompyuta itakuwa rejista ya saba, naye ataiacha siku ya kwanza foleni itakapofika mlangoni. Hatakuwa amefanya kosa.

Kambale yupi?

Kampuni nyingi hukwama hapa, kwa kuwa programu zao zilitungwa mahali ambapo jina na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kumtambua mtu.

Kwa Wanande, au Wayira, walio wengi Butembo na Beni, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Binti wa kwanza ni Masika. Muuguzi akitokeza mlangoni na kuita «Kambale!», wanaweza kusimama watu watano. Tahajia nazo zinacheza: Kavugho wa fishi hii ni Kavuo wa fishi ile, na Muhindo wa hospitali ni Muindo wa kituo cha afya. Mtu mzima huonyesha kadi ya mpiga kura, lakini mtoto hana kadi hiyo. Wazee wengi wanaujua mwaka wao wa kuzaliwa kwa kukisia. Simu iliyoandikwa kwenye fishi huenda ikawa ya shemeji.

Mfumo utakaofaa hapa umtafute mgonjwa kwa vitu vingi kwa pamoja: jina, postnom, prénom, jina la mama, kartie na seluli anayokaa, makadirio ya umri, na tarehe ya mwisho aliyofika. Ukubali kwamba Kavuo na Kavugho huenda ni mtu mmoja. Ulete orodha ya wanaofanana ili karani achague, usimchagulie wenyewe.

Jaribio lake ni rahisi, nalo lifanyike mbele ya kila mshindani wa zabuni. Hospitali iandae majina 200 ya kubuni, 40 kati yake yakiwa ya akina Kambale na Kasereka, wengine wakiwa na mama wenye majina yanayokaribiana. Karani wa mapokezi, sio fundi wa kampuni, aambiwe amtafute mmoja huku saa ikihesabu. Akitumia zaidi ya nusu dakika, foleni ya asubuhi itamshinda.

Kila mgonjwa apewe kadi yenye namba na alama ya kusomwa na simu. Kadi isiseme anaumwa nini. Na pawe na njia ya kumpokea asiye na kadi, kwa maana aliyekimbia mashambulizi ya Eringeti au Mbau usiku hakubeba karatasi.

Haki ya kuunganisha mafaili mawili kuwa moja wapewe watu wawili watatu tu, tena kila muunganisho uweze kurudishwa nyuma. Mafaili mawili ya mtu mmoja ni usumbufu. Faili moja la watu wawili linaweza kuua: Kavuo mmoja akaongezewa damu ya kundi la Kavuo mwingine.

Umeme, mtandao, barabara

Butembo iko juu ya mita 1,700, baridi na mawingu ni ya kawaida, na mji ulijengwa na wafanyabiashara waliozoea kujitegemea kwa jenereta na mabamba ya jua. Hospitali ifanye vivyo hivyo kwa mfumo wake. Hesabu si ngumu.

Tuseme kituo kina kompyuta ndogo 5, kila moja ikila wati 40 kwa saa 10: hapo ni kilowati-saa 2 kwa siku. Seva ndogo ya wati 30 inayofanya kazi mchana na usiku inaongeza 0.72. Vifaa vya mtandao wa ndani, wati 20 mchana na usiku, vinaongeza 0.48. Jumla ni kilowati-saa 3.2 kwa siku. Kituo kikitaka kuvuka siku mbili za mawingu bila kuwasha jenereta, kinahitaji 6.4, na kwa kuwa betri ya lithiamu haifai kumalizwa kabisa, betri ya kilowati-saa 8 ndiyo inayotosha. Mabamba ya kilowati 2 yatakihudumia kituo na kuijaza betri tena jua likirudi. Namba hizi ziandikwe ndani ya zabuni. Kampuni inayouza programu tu na kuacha umeme «kwa mteja» imeuza nusu ya kitu.

Kuhusu mtandao, kanuni ni kwamba faili linakaa hospitalini. Seva iwe ndani ya jengo, kompyuta zizungumze nayo kwa waya au kwa wifi ya ndani, na kazi ya kila siku isihitaji intaneti hata kidogo. Intaneti ikiwepo, hata ya simu, mfumo upeleke nakala kimyakimya; ikikosekana, ungoje. Muuzaji atakayesema kila kitu kiko «kwenye wingu» aambiwe achomoe waya wa intaneti pale pale mezani, kisha aandikishe mgonjwa, aagize kipimo na kutoa dawa.

Barabara na utawala navyo viingie kwenye hesabu. Goma, makao makuu ya jimbo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na uongozi wa jimbo unaotambuliwa na Kinshasa ukahamia Beni. Mapigano yaliyofika kusini mwa Lubero yakaikata barabara ya taifa namba 2. Zoni ambayo nakala yake ya pekee ingekuwa Goma ingeamka siku hiyo bila kumbukumbu. Nakala ziwe tatu: moja ndani ya hospitali, moja katika mji jirani, kwa maana Butembo na Beni zimetenganishwa na kilomita 54 tu, na moja mbali kabisa, imefungwa kwa ufunguo wa siri ulio mikononi mwa zoni. Na mara moja kila baada ya miezi mitatu nakala ifunguliwe kweli kwenye kompyuta nyingine, mafaili kumi yasomwe. Nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ipo.

Karatasi isifukuzwe. Kila huduma iwe na pakiti ya fishi za dharura zilizochapishwa kwa mpangilio ule ule wa skrini, ili umeme ukizimika saa nane usiku mkunga aendelee pale alipofika, na kesho yake karani aingize bila kubahatisha.

Kwenye meza ya muuzaji

Nchi tajiri kuliko Kongo zimeumia kwenye meza hii. Mwaka 2018 idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu ilitia saini mkataba wa dola bilioni 10 na kampuni ya Cerner, ambayo baadaye ilinunuliwa na Oracle, ili kubadili mfumo wake wa zamani uitwao VistA. Hospitali ya kwanza, ya Spokane katika jimbo la Washington, ilianza Oktoba 2020. Mkaguzi wa ndani wa idara hiyo akagundua kwamba maagizo zaidi ya 11,000 ya madaktari, ya vipimo na ya rufaa, yalikuwa yameingia kwenye foleni ambayo wahudumu hawakujua kuwa ipo. Daktari aliona kwamba ameagiza; upande wa pili hakuna aliyepokea. Mkaguzi alihesabu wagonjwa 149 walioathirika. Aprili 2023 usambazaji ulisimamishwa, mfumo ukiwa umefika vituo vitano tu.

Kwa mganga wa Beni somo la Spokane liko kwenye swali moja la kuuliza kila siku ya majaribio: agizo ambalo halikupokelewa linakwenda wapi, na nani analiona? Kila jioni mfumo uchapishe orodha ya maagizo yaliyokwama, na jina la mtu mmoja liandikwe juu yake.

Kenya inafundisha jambo jingine. Mfumo wa taarifa za afya unaobeba bima mpya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, ulikabidhiwa kundi la kampuni likiongozwa na Safaricom kwa shilingi bilioni 104.8 za Kenya. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo huo na haki miliki zake si mali ya serikali, na kwamba haukununuliwa kwa zabuni ya ushindani. Mzozo wa nani mwenye mfumo ukaanza wagonjwa wakiwa tayari ndani yake.

Eldoret, nchini humo humo, kuna njia tofauti. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji huo, kilianza na programu ndogo ya faili za wagonjwa. Kazi hiyo ilikua ndani ya mpango wa AMPATH wa kutibu UKIMWI, na mwaka 2006 ikahamia OpenMRS, programu huria ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila kulipia leseni. Rwanda na Uganda nazo zimeitumia. Programu huria si bure: seva, mafunzo na fundi vinalipiwa. Tofauti ni kwamba kampuni ikifunga ofisi, hospitali inaweza kumwajiri fundi mwingine aendelee.

Iwe ni kampuni au programu huria, mkataba uwe na mambo haya, nayo yaandikwe kwa Kifaransa kilicho wazi ambacho mkurugenzi anakielewa bila mwanasheria:

Data zote ni mali ya hospitali na zoni. Zitolewe zote, wakati wowote zikiombwa, kwa muundo wazi wa kubadilishana data za afya kama FHIR, bila malipo ya ziada, na jambo hili lijaribiwe kabla ya malipo ya kwanza.

Malipo yafuate kazi iliyoonekana. Sehemu ilipwe mfumo ukifanya kazi bila intaneti kwa siku 20, sehemu kanevasi ya kwanza ikiingia DHIS2, na sehemu ya mwisho baada ya mwaka mzima.

Gharama ihesabiwe kwa miaka mitano: leseni, betri za kubadilisha, mafuta, mishahara ya mafundi, mafunzo ya wauguzi wapya. Msaada wa mshirika ukiisha mwaka wa pili, nani atalipa wa tatu? Jibu liwe na jina la mfuko.

Fundi wa kwanza wa kuitwa awe Butembo au Beni. Mji wenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben una vijana wa kufundishwa. Fundi wa kungoja ndege kutoka ng'ambo atafika baada ya hospitali kurudi kwenye rula na kalamu.

Na bei za huduma ziwe rahisi kubadilika. Agosti 2018 matibabu yalitangazwa kuwa ya bure katika zoni za Ebola, na watu wakamiminika. Mfumo wa malipo unaohitaji barua kwa kampuni ili kubadili bei moja ungezifunga kaunta siku hiyo.

Ukumbukwe pia udhaifu wa wauzaji wengi: sehemu ya malipo ndiyo inayong'aa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomvutia mhasibu. Muuguzi na mkunga wawe na kura kwenye kamati ya zabuni, tena kura yenye uzito.

Siri ya mgonjwa na kumbukumbu ya mlipuko

Mlipuko wa Ebola wa 2018–2020 uliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Uliacha pia ushahidi kwamba kazi ya kumbukumbu za uangalifu inawezekana hapa hapa. Novemba 2018 utafiti wa dawa za Ebola uitwao PALM, ulioongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, pamoja na watafiti wa Marekani, ulianza Beni, kisha ukafika Mangina, Katwa na Butembo. Wagonjwa 681 waliingizwa, kila mmoja akipangiwa dawa kwa kura na kufuatiliwa kwa siku 28, huku vituo vikishambuliwa na barabara zikifungwa. Agosti 2019 tarakimu zilionyesha wazi dawa mbili zilizookoa wengi zaidi. Muuzaji atakayesema wahudumu wa huku hawataweza aelezwe habari hiyo.

Lakini mlipuko huo huo ulifundisha woga. Watu walishuku orodha, walishuku magari, walisema Ebola ni biashara. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa WHO kutoka Kameruni, aliuawa ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, kompyuta inayoandika jina la mgonjwa, kartie yake na namba yake ya simu haipokelewi hivi hivi. Kabla ya kuwasha mashine ya kwanza, wahudumu wa jamii, mapadre na wachungaji, machifu wa kartie na Radio Moto waeleze kwa Kiswahili na Kinande: nini kinaandikwa, nani anakiona, nani haruhusiwi kukiona, na mgonjwa akikataa atatibiwaje. Atatibiwa, kwa fishi ya karatasi.

Siri ina sheria zake. Sheria ya Julai 2008 inawalinda wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima ya ulinzi wa data za watu. Kwa vitendo, siri ni ruhusa. Karani wa mapokezi aone jina na foleni, asione majibu ya maabara. Mhasibu aone bei, asione ugonjwa. Faili la VVU, la aliyebakwa, la aliyejeruhiwa kwa risasi na la aliyepona Ebola lifunguliwe na wachache waliotajwa kwa majina, na kila anayelifungua aache alama isiyofutika. Kompyuta ikiibwa, au kituo kikihamwa usiku, diski yake isisomeke na yeyote.

Hata hivyo faili la aliyepona Ebola haliwezi kutupwa. Februari 2021 mlipuko mpya ulitangazwa Butembo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mtu aliyepona, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa kirusi kilitoka kwenye mlipuko uliopita. Watu 12 waliugua, 6 wakafa, na tarehe 3 Mei ukatangazwa kumalizika. Kirusi kinaweza kujificha mwilini mwa aliyepona kwa muda mrefu, na ufuatiliaji wake unahitaji faili litakalokuwepo baada ya washirika wote kufunga hema zao, likiwa limefungwa vizuri vya kutosha ili jirani asilisome. Swali la nani atalitunza faili hilo kwa miaka mingi liulizwe kwa kampuni yoyote inayotaka kandarasi ya miaka miwili.

Kalenda ya miezi 18

Miezi mitatu ya kwanza ni ya rejista, umeme na watu: jedwali la vitabu, hesabu ya wati, mazungumzo na jamii, barua kwa ofisi ya jimbo na ANICiiS ili kazi isipingane na mpango wa taifa.

Miezi mitatu inayofuata ni ya zabuni. Kila mshindani apite majaribio yale yale: majina 200, waya wa intaneti uliochomolewa, data zote kutolewa, kanevasi kuchapishwa. Atakayeshindwa moja asiendelee, hata bei yake ikiwa ndogo.

Miezi sita ni ya majaribio katika hospitali moja ya rufaa na vituo viwili vya afya, kimoja cha mjini na kimoja kinachofikiwa kwa pikipiki. Isianze kila huduma kwa pamoja. Ianze pale mgonjwa anaporudi tena na tena, ambapo faili lina maana tangu wiki ya pili: CPN ya wajawazito, kifua kikuu, VVU. Kuandika mara mbili, karatasini na kwenye kompyuta, kuwe kwa wiki nne tu, na tarehe ya mwisho ibandikwe ukutani ili muuguzi aione.

Mwezi wa 13 kazi isimame na hesabu ifanyike. Muuguzi anatumia dakika ngapi kwa mgonjwa, kabla na sasa? Mafaili mangapi yamejirudia? Mfumo ulilala siku ngapi, na kwa sababu gani? Maagizo mangapi yalikwama? Majibu yakiwa mabaya, mkataba uruhusu kuachana bila faini, data zikiwa mkononi.

Miezi mitano iliyobaki ni ya kwenda kwenye vituo vingine, vichache kwa zamu, wauguzi wa kituo kilichozoea wakiwafundisha wa kituo kinachoanza. Mkunga wa Katwa atamwelewesha mkunga wa Kalunguta kwa saa moja jambo ambalo fundi wa kampuni angelieleza kwa siku nzima.

Hatua ya kwanza ya haya yote haina zabuni wala dola. Jumatatu asubuhi, kabla ya foleni, msomaji mwenye kituo au hospitali amwite karani na muuguzi mmoja, akusanye kila rejista, kila daftari na kila fishi inayotumika, aziweke juu ya meza moja na kuzihesabu. Idadi hiyo aiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Muuzaji akifika, ukurasa huo ndio utakaofunguliwa kwanza.